Mbao Tatu Kabla ya Rangi

Leo ni siku ya kumi na sita tangu tuipweleze mashua yetu kwenye ufuo wa Mtongwe, Mombasa, na ni usiku wa pili tangu irudi majini. Nimetoka kuiangalia sasa hivi, saa nne za usiku, suruali ikiwa bado imelowa hadi magotini. Kabla sijalala nataka kuyaandika yaliyopita katika likizo hii ya Agosti, pamoja na hesabu zake na makosa yangu, kwa sababu najua kwamba mwakani nitakapoulizwa tulifanya nini na kwa pesa ngapi, nitakuwa nimesahau nusu.

Mashua yenyewe ina urefu wa futi 24. Mjomba alituuzia mimi na kaka yangu mwaka 2011, naye alikuwa ameivulia miaka mingi kabla ya hapo, kwa hiyo si chombo cha jana wala cha juzi. Kaka ndiye nahodha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mchango wangu ni pesa kidogo za kila mwezi na, shule zikifungwa, mikono yangu. Wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa shwari, kaka na mabaharia wake watatu hutoka Kilindini alfajiri wakavua kwa mishipi na nyavu nje ya miamba, na nyumba nne hupata riziki kwa chombo hicho kimoja. Lakini mwishoni mwa kaskazi iliyopita mashua ilikuwa ikivuja kiasi kwamba baharia mmoja hakuwa na kazi nyingine, tangu kutoka hadi kurudi, ila kukumba maji kwa upo. Mtu anayekumba maji havui, na fungu lake hutoka kwenye samaki wa wenzake.

Tulikuwa na shilingi 58,000, na wakati wenyewe ni wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na vyombo vidogo vingi vikiwa vimepumzishwa. Tulingoja bamvua, maji yakajaa kupita kiasi cha kila siku, tukaisukuma mashua hadi juu kabisa ya ufuo. Yalipokupwa yaliiacha imekaa mchangani, nasi tukaiegemeza kwa magadi, yaani magogo ya kuizuia isilale, pande zote mbili. Anayepandisha chombo kwa bamvua hukiteremsha kwa bamvua linalofuata, na baina ya mawili hayo kuna takriban siku kumi na nne. Huo ndio uliokuwa muda wetu wote.

Mpango wangu ulikuwa kubadilisha ubao mmoja uliokuwa ukionekana wazi kuwa mbovu, kupiga kalafati, yaani kuziba kwa pamba, pale penye nyufa, kisha kupaka rangi chombo kizima, ndani na nje. Nilikuwa nimekwisha kununua makopo mawili ya rangi ya buluu kabla fundi hajafika. Nilitaka mashua ionekane kuwa imetunzwa. Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo kuliko nilivyofikiria mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa, na mataruma yake, yaani mbavu za chombo, ambayo sikuwa nimeyatazama kwa miaka mitatu.

Fundi wetu ni mzee ambaye amejenga na kutengeneza vyombo tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaweka kapu lake chini na hakusema neno jingine kwa muda wa karibu saa nzima. Aliizunguka mashua akigonga kila ubao kwa mpini wa tezo, sikio lake likiwa karibu na mti. Ubao mzima hutoa mlio mkavu, mfupi. Ubao mbovu hulimeza pigo. Kila alipousikia mlio uliozama alichomoa kisu akakididimiza, na mahali pawili kisu kiliingia hadi kwenye mpini bila yeye kutumia nguvu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba uozo mkubwa haukuwa chini, kwenye maji, bali juu, upande wa tezi, chini ya sakafu ndogo anapokaa mshika usukani. Mzee alinieleza kwamba maji ya chumvi hayaozeshi mti upesi. Maji ya mvua ndiyo yanayouozesha, hasa yanapotuama pembeni pasipopitwa na upepo. Miaka yote hiyo tuliogopa bahari, ilhali mvua ya masika ilikuwa ikitulia chini ya miguu ya kaka. Huko chini kulikuwa na ugonjwa mwingine. Ubao uliopakana na mkuku ulikuwa umechubuka kwa kuburutwa mchangani, rangi na deheni, ule mpako wa kukinga mbao, zikatoka, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wakapata mlango. Mzee aliuvunja kipande akanipa mkononi. Kwa nje kulikuwa na vitundu kama vya sindano. Kwa ndani kulijaa mifereji mipana kama kidole, iliyosakafiwa kwa ganda jembamba jeupe, laini kama ndani ya kombe. Watu huwaita funza, lakini kwa asili wao ni jamaa ya chaza, na ganda hilo ni kazi yao. Nimekiweka kipande hicho mezani kwangu. Shule zikifunguliwa nitakipeleka darasani.

Mbao tatu, basi, na mataruma mawili. Nilimuuliza kama hatungeweza kubadilisha ubao mmoja mwaka huu na kuziacha mbili hadi mwakani, ili rangi nayo ipatikane.

"Mwalimu," akasema, "rangi utapaka siku utakapokuwa na pesa. Ubao huu hautakungoja."

Kwenye kutafuta mbao ndiko pesa zilikoumia. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na tangu wakati huo mimi binafsi sijaona bei ya mbao nzuri ikirudi ilikokuwa. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba ananipa mbambakofi mkavu, nikamlipa shilingi 4,500 kwa ubao mmoja. Fundi alipoutia randa mara mbili tu akanionyesha kwamba karibu nusu ya upana wake ni ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gome, ambayo huoza kabla ya yote, na isitoshe ulikuwa mbichi. Nilirudi kudai changu, sikupata. Kwa shilingi zilizobaki ilinibidi niende na mzee mwenyewe, akachagua kwa macho yake na kuukataa ubao baada ya ubao, na safari hiyo nilinyamaza. Mataruma hayakutugharimu karibu chochote: taruma bora hutoka katika tawi lililojipinda lenyewe likiwa mtini, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata mpindo na hazikatwi na msumeno, na jirani mmoja alikuwa ameangusha mwarobaini uani kwake. Mzee alizunguka lile rundo la matawi na kigezo cha waya mkononi hadi akapata mawili yaliyolingana na ubavu wa mashua.

Kazi ya kalafati niliifanya kwa mikono yangu ili kuokoa ujira, nayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Jioni wanangu wawili walikaa mkekani wakisokota pamba juu ya mapaja yao iwe kamba nyembamba, kisha tukailowesha katika mafuta. Zamani ilikuwa sifa, mafuta ya papa, lakini siku hizi papa wamekuwa adimu. Kichupa alichokuja nacho mzee tulikichanganya na mafuta ya nazi, na harufu yake haijatoka nguoni hadi leo. Kamba hiyo hupangwa kwenye mshono baina ya ubao na ubao, ikasukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo. Siku ya kwanza niliipiga kwa nguvu zangu zote nikidhani kwamba ndivyo maji yatakavyozuiwa. Mzee aliushika mkono wangu. Mbao zilizokauka juani zimenywea, alisema, nazo zikirudi majini zitavimba; pamba ikiwa imejazwa kupita kiasi, mbao zitakosa nafasi ya kuvimbia, zitasukumana na kung'oa misumari kwenye mataruma. Nikaichomoa mishono minne niliyokuwa nimeimaliza, nikaanza upya.

Rafiki wa kaka alitushauri tuachane na hayo yote, tuuvike ubavu faiba. Sina neno na faiba kwa chombo kilichoundwa kwa faiba tangu mwanzo, lakini mzee alisema kwamba kuivika juu ya mbao kuukuu zenye unyevu ni kuufungia unyevu huo ndani, na nilichokuwa nimekiona chini ya sakafu ya tezi kilinitosha kumwamini. Siku ya kumi na mbili tulipitisha mienge ya makuti makavu chini ya mashua ili moto uwaue wadudu waliosalia, kisha tukaipaka deheni ya chokaa na shahamu kutoka mkukuni hadi mstari wa maji.

Hesabu ikafika shilingi 61,300. Makopo ya rangi nilimuuzia jirani anayejenga, na hapo ndipo pengo lilipozibwa. Tanga tulilitia viraka, halikununuliwa jingine. Mbao tatu mpya ni nyekundu miongoni mwa zile kuukuu, na kila apitaye ufuoni anaweza kuzihesabu.

Juzi usiku bamvua lilipofika tuliiondolea magadi, ikaelea, na ndani ya saa moja maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu. Kaka alinitazama bila kusema. Mzee, aliyekuwa amekaa ufuoni na kanzu yake imekunjwa hadi magotini, alituambia tukumbe na tusubiri, mbao zinakunywa. Nilichukua kipande cha mkaa nikachora mstari kwenye taruma jipya pale maji yalipofika, tukakumba hadi ngama, yaani chini ndani ya chombo maji yanapotuama, ikakauka, tukalala humo humo kwa zamu. Alfajiri maji yalikuwa vidole vitatu chini ya mstari. Nikachora wa pili. Jana usiku hatukukumba ila mara moja, nami nikachora wa tatu kabla sijaondoka.

Usiku huu nilipoishusha taa ngamani niliikuta mistari yote mitatu ikiwa mikavu, na maji kidogo chini kabisa, juu ya mkuku, kiasi cha kujaza kata moja. Kaka alikuwa amekaa tezi akifunga ndoana.