Asilimia themanini za babu

Desemba 2013 nilipanda Uru, juu ya Moshi, kula Krismasi na kumalizia tasnifu. Mwanasayansi wa siasa Juan Linz alikuwa amefariki Oktoba ile, nami nilikuwa nimezama katika maandishi yake. Alikulia Uhispania. Alipoutazama utawala wa Franco alibaini kwamba si kila utawala wa kiimla unataka watu waushangilie; mwingine unaridhika wakinyamaza tu, kila mtu na shamba lake.

Jioni tulikaa barazani, babu na kata yake ya mbege, pombe ya ndizi, mimi na kompyuta. Nikamsomea sura niliyojivunia: mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali iliwauliza Watanzania kuhusu mfumo wa vyama, na takriban asilimia 80 wakataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 vikaruhusiwa. Kwa hiyo, niliandika, mageuzi yalishuka kutoka juu; wananchi hawakuyadai.

"Na mimi nimo humo," babu akasema.

"Humo wapi?"

"Kwenye themanini zako. Nilisimama nikasema chama kimoja kinatosha."

Nilibaki mdomo wazi. Huyu ndiye aliyemfia Mrema, mgombea urais wa upinzani, 1995, mpaka bibi akamnunia!

Hakujieleza upesi. Alianzia 1976, serikali ilipovunja vyama vya ushirika, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ikiwemo, na kahawa ya kihamba chake, shamba la ukoo, ikawa ya kupelekwa kwingine. "Hakuna aliyepigwa. Tulitangaziwa, tukarudi kuchuma." Sasa miaka kumi na tano baadaye unaulizwa hadharani kama unakitaka chama, na balozi wako wa nyumba kumi, mtu wa chama, amekaa kiti cha mbele, yuleyule anayekuandikia barua ukiwa na shida. "Ungesema nini wewe, msomi?"

"Na 1995?"

"Kulikuwa na sanduku."

Nikaanza kuchapa harakaharaka: hofu, hofu. Akanizuia mkono.

"Usiandike hofu peke yake. Rwanda walikuwa wameshaanza kupigana. Na mimi nilimpenda Mwalimu."

"Sasa kipi kilikuwa kingi, Babu?"

Akacheka, akanipa kata.

Usiku nilirudi kwenye ile sentensi. Niliihangaikia mpaka umeme ukakatika, na mwishowe niliongeza neno moja tu: hawakuyadai hadharani.