Kokwa za tende na saa 100

Mwanangu alipofika gredi ya tatu, bei ya samaki, changu na tafi, pale sokoni kando ya Ngome hapa Lamu alikuwa anaijua kuliko mimi. Lakini umwandikie "mashua" kwenye daftari, hulitazama neno kama mgeni aliyeshuka gati sasa hivi. Shuleni nikaambiwa mvivu. Nami, Mungu anisamehe, nikakubali, na kila usiku daftari likafungwa kwa kilio.

Aliyenitoa humo ni mwalimu mmoja wa watoto wenye mahitaji maalumu. Alimsikiliza akisoma, hata chai haijapoa, akaniambia: "Mama, macho yake mazima, akili yake nzima. Hii yaitwa disleksia. Kinachomshinda ni kuifunga sauti na herufi yake."

Usiku ule sikulala, nilikuwa na simu mkononi. Nikakutana na uchunguzi wa 2009 wa Timothy Keller na Marcel Just wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Waliwapiga watoto wazito wa kusoma picha za ubongo, wakafundishwa kwa bidii saa 100 katika miezi sita, kisha wakapigwa picha tena. Sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyaya zinazopeleka habari huku na huku, ilikuwa imeimarika upande wa kushoto, mahali palepale palipokuwa dhaifu. Wazito wenzao wasiopata mafunzo hayo walibaki vilevile. Watafiti wale waliona huenda kilichoongezeka ni mielini, mafuta yanayozivika hizo nyaya, ujumbe ukapita upesi zaidi.

Marehemu baba alikuwa nahodha, na mara ngapi nimekaa naye mashuani tukingoja maji yajae ndipo tupite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari. Hakupata kuitukana mashua. Mimi nilikuwa namtukana mtoto.

Basi nikapiga hesabu: dakika 40 kwa siku, saa 100 ni siku 150. Nikaweka chupa dirishani. Kila siku tukimaliza, anakula tende moja na kokwa inaingia chupani.

Hatukuanza na kitabu. Tulianza na kinyume, mchezo wetu wa utotoni: meza ni zame, samaki ni kisama. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa ulipo, maana watoto wa mtaa walizungumza kinyume kama maji, yeye hata "zame" lilimtoa jasho. Wiki tatu tulicheza kwa mdomo tu. Kisha silabi kwenye vikaratasi, tena kwa kidole: anagusa, anatamka, anaunganisha. Mb, nd na ng' zilitutesa. Maneno marefu kama "walimtafutia" tuliyakatakata mithili ya papa wa kukausha, wa-li-m-ta-fu-ti-a, halafu tunayashona tena.

Kiswahili kina huruma, herufi husomwa ilivyo. Hata hivyo alisoma sawa lakini polepole mno. Kiingereza ndicho adui mwenyewe. Sauti moja yaandikwa namna tano. Nilikiacha hadi kokwa ya 90, mwalimu wa darasa akanuna.

Picha ya ubongo hajapigwa, wala sina habari ya kilichotokea kichwani mwake. Ninachokijua ni kwamba mwezi wa nne tangu tuanze aliacha kuumwa na tumbo kila nikilitoa daftari.

Siku moja nikazihesabu kokwa, nikakuta mbili zimezidi. Nikamwita.

"Nimemsomea bibi leso yake," akasema. Mavyaa akaitikia toka ndani: kweli, kasoma "Hasidi hana sababu", kakwama kwenye "sababu" tu.

"Hiyo ni moja. Ya pili?"

"Doti ina leso mbili, mama. Nimesoma zote."