Chandarua cha robo kilo: nilivyolala nje Usambara bila hema

Kutoka Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hadi Mtae, msafiri wa miguu hulala kwenye baridi na mbu ni wachache. Kazi huanza ukishateremka kuelekea tambarare ya Mkomazi. Joto la huko halikuruhusu kujifunika gubigubi, na ukijifunua tu, mbu wapo. Mimi na binamu yangu tulitaka kuitembea njia yote hiyo na begi mgongoni, turubai jepesi likiwa ndiyo paa letu.

Nilinunua dukani chandarua cha kawaida chenye dawa. Vile wanavyopewa wajawazito kliniki nisingevigusa, vina wenyewe. Kikiwa kizima kilikuwa na uzito wa nusu kilo hivi, kitambaa cha kutosha kitanda cha watu wawili. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikikata upya: urefu mita mbili na kidogo, kichwani kipana na kimo cha mita moja, miguuni chembamba na kifupi. Mizani ya muuza nafaka ikaonyesha robo kilo na ushee, pamoja na kamba zake.

Sehemu ambayo sikukubali ipunguzwe ni mabegani. Mbu hahitaji tundu. Akikuta ngozi imegusana na wavu, anachoma akiwa nje. Dawa humdhuru akitua, lakini sikutaka kuitegemea peke yake, hivyo nilitaka nafasi ya kujigeuza bila kiwiko kugusa. La pili ni pindo. Tulishonea chini kipande cha khanga kuukuu, upana wa kiganja, cha kuchomeka chini ya godoro la kukunja. Wavu mtupu huchomoka ukijigeuza, ila khanga hubanwa na uzito wako mwenyewe. Kichwani nilikining'iniza kwa kamba moja kutoka kwenye turubai, miguuni nikakifunga kwenye fimbo ya kutembelea.

Kila kijiji tulianza kwa mwenyekiti, shikamoo kwanza, kisha ruhusa. Mzee mmoja alitupa hifadhi ndani ya kibanda cha udongo kisichokaliwa. Tulimshukuru sana, tukamwomba tulale uani. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za namna hiyo, hutoka usiku kuuma na kurudi mafichoni, na homa yao si ya kuchezea. Alituelewa mara moja.

Siafu ni habari nyingine, maana pindo haliwazuii. Kabla ya kutandika tulizunguka mahali pote kwa tochi kutafuta njia yao, na palipokuwa na msafara tulihama, hata kama pengine palikuwa na mawe. Chakula kilikaa mbali na tulipolala.

Mbu wa malaria huuma zaidi kati ya machweo na mapambazuko, kwa hiyo tulipika mapema. Jua likizama tulivaa mikono mirefu na soksi, tukajipaka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET mikononi, shingoni na vifundoni hadi wakati wa kuingia ndani. Iwekeni mbali na miwani na vifaa vya plastiki, huviharibu. Dawa ya kuchoma tuliiacha nyumbani: upepo hupeperusha moshi wake, na moto karibu na chandarua ni hatari.

Kwa mbu kilinitosha kabisa. Kwa anayekwenda kulala karibu na mikoko, ambako kuna usubi, sikipendekezi. Wale hupenya matundu haya, na wavu wa matundu madogo zaidi huzuia pia hewa.

Nikirudi hukifua kwenye beseni kwa sabuni ya mche na kukianika kivulini, kwa sababu jua huiharibu dawa. Mtoni sikifui kamwe, dawa hiyo huua samaki.