Boksi limeandikwa wati 750

Mara ya kwanza kompyuta yangu ilizima saa nane na robo usiku, imebakiza asilimia kumi na moja imalize kurenda, yaani kuitoa video ya harusi ikiwa imekamilika. Haikuganda wala haikuonya, ilizima tu kama taa. Nikaiwasha nikaanza upya, ikafika karibu na palepale, bibi harusi anarusha maua, ikazima tena. Asubuhi mama yake akapiga simu. "Mwanangu, kazi yetu imefikia wapi?" Nikamjibu, "Ipo jikoni mama, inaiva."

Ninahariri video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara, mtumba wa ofisini: prosesa i7-3770, rami GB 16, na pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, ya wati 275 iliyokuja nayo. Kwa barua na mahesabu ya ofisi, wati hizo zinatosha na kubaki. Tatizo lilianza pale rafiki yangu alipoacha mambo ya gemu akaniuzia kadi yake ya grafiki, GTX 1660 Super, kwa bei ya kindugu. Kwa mtu anayetumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kadi kama hiyo ni ukombozi, maana kazi kubwa ya kurenda inabebwa nayo.

Kadi ina tundu la pini nane la umeme. Pawa saplai ya ofisini haina kebo ya kuingia humo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba itabeba kadi. Nikaenda Kariakoo, dogo wa dukani akanipa kebo ya kuungia: upande mmoja vichwa viwili vya SATA, vile vya kulishia diski umeme, upande wa pili pini nane. "Bosi, wote wanatumia hii." Nikatumia na mimi. Baada ya siku chache chumba kikaanza kunuka plastiki. Nilipofungua nikakuta kichwa kimoja kimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hesabu yake ningeifanya mapema ningejua. Kichwa cha SATA kwenye volti 12 kimetengenezwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54. Viwili ni 108. Tundu la pini nane linairuhusu kadi kuvuta hadi 150. Kebo haijui kukataa, inapata moto tu. Ile niliikata kwa mkasi nikaitupa, nisije nikamuuzia mtu kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo nikanunua pawa saplai nyingine, hiyo ya wati 750. Boksi jekundu, tarakimu kubwa kama za jezi, shilingi elfu arobaini na tano. Ina kebo ya pini nane ya kwake yenyewe, nikaona nimemaliza. Kitu pekee kilichonishangaza ni wepesi wake. Ile ya Dell ya 275 ilikuwa nzito kuliko hii, nami nikajiambia teknolojia imepiga hatua.

Kwa hiyo ilipozima usiku ule, pawa saplai ndiyo kitu cha mwisho nilichokishuku. Mashine inahitaji wati mia mbili na kitu, ina 750, kuna shida gani? Nikaishuku rami, nikazichomoa na kuzisafisha kwa kifutio. Nikaishuku programu, nikaifuta na kuiweka upya. Nikabadilisha pesti ya kupoozea prosesa. Siku mbili zilikwenda hivyo, huku mama akiniuliza kama chakula bado hakijaiva.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa redio na amplifaya pale mtaani kwetu, mtu ambaye sina hakika kama amewahi kugusa kadi ya grafiki. Niliibeba pawa saplai hadi kwake anipimie kama nzima. Hakuipima. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akatabasamu. "Hizi ni wati za sabufa."

Nilimwelewa papo hapo. Nani hajawahi kuona sabufa ndogo ya mezani imeandikwa wati elfu tano, na waya wake wa umeme mwembamba kama wa chaja ya simu? Mzee akaigeuza, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni, ile yenye maandishi madogo ambayo sikuwahi kuisoma. "Boksi linauza, kijana. Lebo ndiyo inasema."

Lebo ilikuwa na safu za volti, na chini ya kila volti ampea zake. Kwenye 3.3 waliandika ampea 28, kwenye 5 wakaandika 30, na kwenye 12 wakaandika 18. Wati ni volti mara ampea. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Hata ukijumlisha safu zote tatu hupati 460, achilia mbali 750. Kinachoumiza ni kwamba prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula kwenye volti 12. Zile safu nyingine mbili zilikuwa na maana enzi za kompyuta za zamani, siku hizi zinalisha vitu vidogovidogo tu. Kwa hiyo nilichonunua, kwa matumizi yangu, ni pawa saplai ya wati 216, tena kama lebo yenyewe inasema kweli.

Nikarudi nyumbani nikachukua daftari. Kadi: Nvidia wanasema 125. Prosesa: Intel wanasema 77. Madabodi, rami, SSD moja, diski mbili za kuhifadhia na feni nikaziwekea 60 kwa ukarimu, kwa sababu diski inapoanza kuzunguka huvuta zaidi kwa sekunde chache. Jumla 262. Hapo ukihariri kwa kukatakata vipande tu hufiki huko, mashine inatulia. Ukibonyeza kurenda, kadi na prosesa zinavuta kwa pamoja, na kadi ina tabia ya kuruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi mno. Pawa saplai inazidiwa, inajizima. Ndiyo maana ilikuwa inakufa kwenye kurenda peke yake.

Basi 262 nikainunulie ya 300? Hapana, na hapa ndipo niliposoma sana. Nvidia wenyewe kwa kadi hii wanashauri pawa saplai ya wati 450. Sehemu ya tofauti hiyo ni tahadhari tu, wanajua kuna watu wamenunua za boksi jekundu. Lakini kuna sababu nyingine za kweli. Pawa saplai hufanya kazi vizuri zaidi ikibeba karibu nusu ya uwezo wake, haipotezi umeme mwingi kwa joto na feni yake haipigi kelele. Kapasita zake huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Halafu kuna joto lenyewe: nyingine zimepimwa wati zake kwenye nyuzi 25, nyingine kwenye 40 au 50. Chumba changu kina bati juu, na Januari ya Dar mnaijua. Nyuzi 25 nazionea kwenye friji. Nikaamua 500 hadi 550, basi.

Muuzaji wa duka la pili alitaka kunipa ya 1000. "Chukua kubwa, hutarudi tena." Ni kweli isingedhuru, lakini tofauti ya bei ilikuwa inanunua diski nzima, na mashine yangu ingeitumia robo tu. Nilichukua ya 550 yenye cheti cha 80 Plus Bronze, cha kuonyesha haipotezi umeme mwingi, kwenye volti 12 ina ampea 45, yaani 540 kati ya 550. Hiyo ndiyo lebo ya mtu mkweli. Na ilikuwa nzito. Ubavuni imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote, jambo lililonifurahisha kwa sababu jioni mtaani kwetu umeme huwa mdogo, taa zinafifia watu wakipika. Zile zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 ni za kuangalia kwa makini. Ikija imewekwa 115 nawe ukachomeka kwenye ukuta wetu wa 230, utasikia mlio mmoja na harufu, basi.

Kufunga kulikuwa rahisi, maana 7010 ya mnara inatumia kiunganishi cha kawaida cha pini 24 na skrubu zilikaa mahali pake. Mwenye OptiPlex 9020 asinifuate kichwakichwa: madabodi ile ina pini nane tu za kuingizia umeme, utahitaji kebo ya kubadilishia.

Mke wangu alipoona boksi jipya alikuwa na swali moja. "Wati 550? Luku itaisha lini hiyo?" Ni swali la haki, hata mimi zamani nilidhani hivyo. Nikamweleza kwamba ni kama ndoo ya lita ishirini, hulazimiki kuijaza. Hakuridhika. Nikaazima kipima wati kile cha kuchomeka ukutani. Mashine ikiwa imetulia ilisoma 52. Nilipobonyeza kurenda ikapanda 240, ikacheza hapo hadi 255. Video ya dakika arobaini ikamaliza, maua yakarushwa, yakadakwa. Sasa kile kipima yeye ndiye hakirudishi, anapimia pasi na jagi la kuchemshia maji, na amegundua kwamba mwizi wa Luku nyumbani siyo mimi.

Ile ya 275 ya Dell nimeirudisha kwenye mashine nyingine ya mtumba ya mtoto wa jirani, isiyo na kadi, na inafanya kazi yake bila wasiwasi. Ya boksi jekundu ipo kwa mzee wa redio, amechomoa feni.

Sasa naitazama kadi nyingine, RTX 3060. Inavuta 170, kwa hiyo jumla yangu itakuwa 307, na Nvidia wanashauri 550, ambayo ninayo. Pawa saplai haitaguswa. Kitakachonishinda ni UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika: imeandikwa 650 VA, lakini kwa maandishi madogo chini inasema wati 360. Mia tatu na saba ndani ni kama 350 ukutani, na skrini bado sijaihesabu.