Binamu yangu haaniki sare nje

Juzi nilimtembelea binamu yangu, konstebo wa polisi hapa Nairobi. Amepanga ploti ya kawaida tu. Sare ameianika bafuni, juu ya ndoo, na mlango kaufunga. Majirani wanadhani ni mlinzi wa duka kubwa mjini.

"Nikipanda matatu nasikia watu wanasema makarao wachomwe. Sasa nijitambulishe ili iweje?"

Watu wa matatu mimi siwalaumu. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi Juni 2025. Tukaambiwa aligongesha kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha alipigwa. Baada ya hapo, polisi wakisema leo ni Jumatatu, mimi naangalia kalenda kwanza.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanikumbusha Baragoi, kule kaskazini mwa Kenya, Novemba 2012: polisi walitumwa Bonde la Suguta kufuata mifugo iliyoibwa, wakauawa kwa makumi, wengi vijana waliotoka chuoni juzi tu. "Hao nao, ndugu yangu, nani aliwaandamania?"

Swali zuri, sikatai. Ila nami nikamuuliza: mwenzako akimpiga mahabusu, utatoa ushahidi? Akasema IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ipo, lakini ukishaongea nao, kesho yake anayekupangia zamu ni bosi yuleyule.

Nikamwambia basi hiyo ndiyo sababu mawe yanawapata hata nyinyi msiomgusa mtu. Hakupenda, na tulibishana mpaka chai ikapoa.