Injini kutoka Pasua

Pale gerejini Unga Limited, Arusha, kila aliyepita akachungulia chini ya boneti alikuwa na ushauri uleule: weka injini ya Toyota. Hata muuza kahawa wa saa nne alitua birika lake, akaitazama Datsun yangu iliyolala juu ya mawe, akasema, “Kaka, hapa tupia 3S, umemaliza kazi.” Akamimina vikombe viwili, akachukua hela yake, akaondoka.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 1600 SSS ya mwaka 1971, nililoachiwa na baba mdogo. Wamarekani wana Mustang na Camaro zao zenye injini kubwa za V8, silinda nane. Huku kwetu mbabe wa barabara wa enzi hizo alikuwa huyu: kabureta mbili, breki za diski mbele, na jina lililojengwa na Safari Rally. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda Safari kwa gari la aina hii hii. Baba mdogo hakuwahi kushindana na chochote zaidi ya mabasi ya Moshi, lakini alikuwa akiisimulia rali ile kana kwamba yeye ndiye aliyeshika ramani. Alipochoka kuendesha aliliegesha kwenye banda la nyumba yake Tengeru, na kuku wakahamia humo.

Injini yake ya asili, L16 ya cc 1595, ilikuwa imechoka hasa. Ilikula oili, ikatoa moshi wa bluu, na tulipofungua hedi, kifuniko cha juu ya silinda, tukakuta silinda ya tatu ina mkwaruzo ambao ukipitisha kidole unashika ukucha. Kuiacha vile haikuwezekana. Nami nilitaka pia iongezewe nguvu kidogo, maana unapoanza kufungua injini hamu huwa haikai chini.

Hela ndiyo ilikuwa kikwazo. Nilikuwa dereva wa watalii, na Aprili ni masika, wageni huwa wa kuhesabu. Mwaka huo wa 2010 mambo yalizidi: jivu la volkano ya Iceland likafunga anga za Ulaya, na safari moja niliyokuwa nimeahidiwa ikafa hivi hivi. Muda nilikuwa nao tele. Shilingi ndizo zilikuwa za kubana.

Nikaifanyia hesabu ile Toyota ya watu. Injini yenyewe ya mtumba, pamoja na giaboksi yake, wauzaji wa vipuri wa Krokoni walinitajia milioni moja na nusu na kupanda. Bei hiyo ni ya kuingilia tu mlangoni. Maunti za kuchomelea, yaani vishikizo vya injini, unalipa. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, inagonga krosimemba, chuma kinachokingama chini ya gari, kwa hiyo inakatwa na kuungwa upya. Propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inafupishwa, na kama aliyeifupisha hakuipima sawasawa gari zima linatetemeka ukifika kilomita 80. Kisha waya, boksi la kompyuta, pampu ya mafuta ya presha, radieta kubwa zaidi. Nimeona magari mengi pale Unga Limited yaliyowekewa injini za bei rahisi, yakakaa miaka miwili yakisubiri vitu vya kuzunguka injini hiyo. Mengine nadhani yapo mpaka leo.

Fundi wangu tulimwita Meku, kama Wachaga wanavyomwita mzee. Ufundi alifundishwa na Kalasinga mmoja tangu akiwa kijana wa kumulika tochi. Aliwaacha watu wote wamalize ushauri wao, kisha akaniambia, “Kijana, tafuta 180B iliyokufa. Injini yake ni ndugu wa hii, baba mmoja mama mmoja.”

Alikuwa anaongelea L18, injini ya Datsun 180B. Bloku yake, mwili wa injini wenye silinda, ina urefu uleule wa L16, inakaa kwenye maunti zilezile, giaboksi inafungwa bila kubadilisha kitu, na hedi ya SSS inakaa juu yake kama iliyoagizwa. Tofauti iko ndani: L16 ina silinda za milimita 83 na mwendo wa pistoni wa 73.7, na L18 ina 85 kwa 78. Unatoka cc 1595 kwenda 1770, na kwa nje hakuna mtu anayejua umefanya nini.

Ile 180B tuliipata Moshi, mtaa wa Pasua, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Migomba ilikuwa imeizunguka pande tatu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mmekuja na hela au mmekuja kuangalia?”

Meku hakujibu. Alichuchumaa ubavuni mwa gari, akaomba mafuta ya taa kidogo kwenye kikopo, akaanza kusugua bloku kwa brashi ya waya, chini kidogo ya hedi. Tope lililokauka na oili ya miaka vikatoka kwa magamba. Taratibu herufi ikajitokeza, kisha namba: L18. Akafungua plagi zote nne, akatia spana kwenye nati ya puli ya mbele, akavuta. Injini ikagoma, ikagoma tena, halafu ikazunguka kwa uzito wa kitu kilicholala muda mrefu. Hakunitazama usoni. Alijua mama anatuangalia, na furaha ya mnunuzi hupandisha bei.

Mama alianzia laki sita. Tukafika laki nne baada ya chai, maparachichi na habari ndefu za marehemu mumewe, ambaye inaonekana alikuwa mtu wa kubadilisha oili kwa wakati. Aliweka masharti mawili. Siti za mbele zinabaki, kwa sababu wajukuu wanazikalia barazani. Na bodi ile tuiondoe, anataka kupanda mboga. Siti tulimtolea siku ileile. Bodi nikamwomba anipe muda, akakubali kwa uso wa mtu anayeandika deni kichwani.

Injini tuliinyanyua kwa magogo matatu na cheni bloku, ikapanda Fuso iliyokuwa inapeleka ndizi Arusha. Giaboksi ya 180B na rimu zake nne niliziuza Krokoni kwa mtu aliyekuwa na Datsun pikapu, na hapo karibu nusu ya bei ya mama ikawa imerudi. Anayetaka kubadilisha injini kwa hela ndogo anunue gari zima lililokufa. Vile usivyovihitaji ndivyo vitakavyolipia unavyovihitaji.

Mahali ambapo Meku hakutaka kusikia habari ya kubana matumizi ni kwenye mashine. Silinda zilichongwa kwa oversaizi ya nusu milimita. Krankishafti ilisuguliwa ikavikwa metali za kumi, yaani bearingi nene kidogo za kufidia kilichosuguliwa. Pistoni na ringi zilikuja kutoka Nairobi kwa basi la Namanga. Sampu na mdomo wa kunyonyea oili tulihamisha kutoka kwenye L16, kwa sababu vya 180B havikuelewana na krosimemba yetu. Nilipouliza kama tunaweza kurudishia metali za zamani zilizoonekana nzima, aliniuliza kama na mimi nina moyo wa akiba.

Kuna jioni moja ambayo naikumbuka kuliko zote. Alinituma duka la dawa za mifugo nikanunue bomba kubwa la sindano. Hedi ya SSS aliilaza mezani, vyumba vya moto, mnamolipuka mchanganyiko wa hewa na petroli, vikitazama juu, valvu zimefungwa na plagi zimekazwa. Kwenye ukingo wa chumba cha kwanza akapaka grisi nyembamba, akabandika kipande cha kioo chenye tundu dogo, kisha akawa anasukuma mafuta ya taa kupitia tundu lile, tone kwa tone, akisoma mistari ya bomba. Kiputo cha hewa kikawa kinazunguka chini ya kioo, kikipungua, mpaka kikatokea tunduni na kupotea. Karibu cc 40. Akarudia vyumba vyote vinne. Akajumlisha na unene wa gasketi, akapiga hesabu kwa penseli ya seremala juu ya boksi la pistoni.

“Hedi hii ilikuwa inabana tisa na nusu kwa moja kwenye injini yake,” akasema. “Silinda sasa zimekuwa kubwa, chumba ni kilekile. Tumefika kumi na nusu bila kuchonga hedi hata kidogo.”

Hiyo ndiyo nguvu ya bure: mchanganyiko unabanwa zaidi kabla ya kulipuka. Na Arusha inakuruhusu kuitumia. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukibana mchanganyiko zaidi unajirudishia sehemu ya ulichonyang'anywa na mwinuko, na kwa sababu hewa inayoingia ni chache, injini haigongi kirahisi. Meku alinionya jambo moja: ukishuka tambarare, hewa inakuwa nzito, na hapo petroli ikiwa mbaya utaisikia.

Mambo ya breki, hozi za radieta na namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari nayapita. Yalichukua muda na hayana hadithi.

Siku ya kuliwasha lilishika haraka kuliko tulivyotarajia. Meku akachukua mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza mvumo, akahamia ya pili, akageuza skrubu nusu mzunguko, akarudi ya kwanza. Vijana wa gereji walicheka, mpaka mlio ulipotulia ukawa mmoja. Wakaacha kucheka.

Baada ya kulizoeza polepole mjini, tulilipeleka Moshi. Nilikuwa na deni la bodi, na Meku alitaka kulisikia likiwa chini. Usa River tulipita kama tumebebwa. Ukikanyaga gia ya tatu gari halikukuuliza mara mbili. Bila gari la L16 la kulinganisha nalo barabarani siwezi kusema ni farasi wangapi tuliongeza, lakini Coaster moja ya abiria iliyotupita Tengeru kwa dharau ilituona tena kabla ya njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, na haikutuona zaidi.

Mbele kidogo tukajaza mafuta. Kituo sikitaji. Tulipovuka Boma Ng'ombe, tukashuka bonde la Kikafu na kuanza kupanda upande wa pili, nikasikia mlio mdogo mkavu kutoka mbele, kama karanga zinazoanza kupasuka kikaangoni. Nikakanyaga zaidi, karanga zikaongezeka.

“Toa mguu,” Meku akasema. “Simama pale panapokaa gari.”

Hakuanza na injini. Alifungua kifuniko cha tangi, akachovya kijiti, akakinusa, akanipa na mimi. Mafuta ya taa, wazi kabisa. Ule ndio ulikuwa wakati wa kuchakachua: ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo, wa petroli mkubwa, na kuna waliokuwa wanachanganya usiku na kuuza mchana. Haikupungua mpaka serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Gari la kawaida lingekohoa tu na kuendelea. Letu, linalobana kumi na nusu, lilikuwa linalipua mchanganyiko kabla ya wakati, na mlio ule ukiachwa unatoboa pistoni.

Akatoa spana namba 10 kutoka mfuko wa koti, akalegeza boliti ya distributa, akaizungusha unywele tu kuelekea upande rota inakozungukia, akakaza. Cheche ikachelewa kidogo, na karanga zikanyamaza. Nguvu nazo zikapungua, ukweli usemwe. Tulipanda Kikafu nyuma ya lori la saruji bila kujaribu kulipita, na madereva wa noah wakatupigia honi kwa sababu zao.

Pasua mama alitupokea nje. Akazunguka gari, akaomba boneti ifunguliwe, akatazama bloku iliyopakwa rangi mpya ya bluu.

“Ndiyo hii?”

“Ndiyo hii mama.”

“Imependeza. Na lile bodi?”

Hakuturuhusu kuondoka. Alimtuma mjukuu akaite vijana wa skrepa, wakaja na shoka, mnyororo na mizani ya kuning'iniza, tukashinda pale mpaka karibu magharibi tukiikata 180B vipande, mimi na Meku tukiwa tumevua mashati. Hela ya skrepa mama alisema ni yetu kwa kazi tuliyofanya, ila mlango mmoja aliuzuia, atafungia banda la mbuzi. Tulimwaga mafuta mabaya kwenye dumu, akalichukua pia, ya kuwashia kuni. Kisha tukanunua petroli kwenye kituo alichotuelekeza dereva wa daladala wa jirani, Meku akairudisha distributa mahali pake, tukapanda Arusha usiku, na safari hii Kikafu lori lilikuwa nyuma yetu.