Nilivyozielewa bima ya kulinda kipato na bima ya magonjwa hatari nikiwa kea hapa Uingereza

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi za ukea (kuhudumia wazee na wagonjwa) na za kudeliva hapa Uingereza, hasa mliokuja kwa viza ya kazi, maana kila nikiongea na mtu habari za bima nakuta tunachanganya vitu viwili ambavyo havifanani kabisa. Mi nimekaa na hili jambo miezi, nasoma, napiga simu, nauliza, na sasa hivi mimi na mume wangu kila mtu ana bima yake na najua kwa nini tumechukua hiyo na siyo ile nyingine.

Kilichonisukuma ni mwenzangu wa kazini, dada wa Kenya, mgongo ulimkamata wakati anamgeuza mzee kitandani. Hakuanguka wala nini, alisikia tu kitu kimekaza kiunoni, akamaliza shifti akaenda kwake, kesho yake hakuweza kushuka ngazi. Akakaa nje ya kazi muda mrefu sana. Sa kea homu (nyumba za kutunzia wazee) nyingi za watu binafsi zinalipa SSP tu, yaani kile kiwango cha chini ambacho sheria inamlazimisha mwajiri akulipe ukiumwa, na mwaka 2025 kilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, tena siku tatu za mwanzo ulikuwa hupati kitu (hizo siku tatu zimefutwa kuanzia Aprili 2026), na ikifika wiki ya 28 inakata. Piga hesabu. Kima cha chini mwaka huo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, ukifanya saa 37.5 ni kama 458 kwa wiki, kwa hiyo unaumwa halafu unashuka kwenye robo ya mshahara. Kwa mwezi ni kama pauni 515, hiyo hata kodi ya nyumba haifikishi, na kodi haijui kwamba unaumwa.

Tulichangishana kwenye grupu la WhatsApp. Watu walitoa kwa moyo, Mungu awabariki, lakini wote tunajua inavyokwenda, mchango wa kwanza unakuwa mnono, wa pili unapungua, wa tatu watu wanasoma meseji wananyamaza, na siyo roho mbaya, kila mtu ana bili zake na ana watu nyumbani wanamtegemea.

Wenzetu walioajiriwa na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, wako pazuri zaidi. Ukiwa mwaka wa kwanza unalipwa mwezi mmoja mshahara kamili na miwili nusu, inapanda taratibu mpaka ukishafikisha miaka mitano unapata miezi sita kamili na sita nusu. Ndo maana nesi wa NHS na kea wa kampuni binafsi hawawezi kuchukua bima ileile kwa mpangilio uleule, nitarudi hapo.

Afu kuna jambo la viza ambalo ndo lilinikosesha usingizi. Viza zetu zimeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, maana yake Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) hupati, PIP (ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu) hupati. SSP siyo fedha za umma kwa maana hiyo, ni haki yako kama mfanyakazi, na ile ESA mpya, malipo ya serikali kwa asiyeweza kazi kwa ugonjwa, inayotokana na michango ya National Insurance inayokatwa kwenye mshahara, nayo haihesabiwi humo, ila lazima uwe umechangia vya kutosha miaka miwili mitatu ya nyuma, na mtu aliyefika juzi hana hiyo michango. Mume wangu yeye amejiajiri, anadeliva mizigo kwa gari yake, kwa hiyo SSP kwake haipo kabisa. Akiumwa leo, kesho hakuna kitu. Zero.

Basi nikampigia dalali wa bima niliyemkuta kwenye tangazo, nikamwambia nataka kitu kitakachotulinda tukiumwa. Akaanza moja kwa moja na bima ya magonjwa hatari, critical illness. Anakueleza vizuri mpaka unatamani usaini palepale: ukikutwa na kansa, ukipata mshtuko wa moyo, ukipata kiharusi, unapewa donge la hela mara moja, halikatwi kodi, unafanya unachotaka. Nikamuuliza, mgongo je? Akasema hapana, mgongo haumo. Na mtu akizidiwa na msongo wa mawazo akashindwa kwenda kazini? Haumo. Goti? Haumo. Nikamwambia ahsante, nitakupigia. Sasa mimi nafanya kazi ya kunyanyua watu, mwenzangu kalazwa chini na mgongo, na kitu cha kwanza ninachouziwa hakina mgongo ndani yake!

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa Mombasa ambaye kazi yake ndo hii ya ushauri wa bima, nilielekezwa kwake na shangazi yake tunayesali naye. Aliniambia hivi, "Dada yangu, jiulize kwanza unaogopa nini. Unaogopa jina la ugonjwa, au unaogopa mwisho wa mwezi?" Nikamjibu mwisho wa mwezi. Akasema basi wewe unatafuta bima ya kulinda kipato, kwenye makampuni utaikuta kwa jina la income protection, hiyo haiulizi ugonjwa wako unaitwaje, inauliza kama unaweza kufanya kazi au huwezi. Mgongo, goti, msongo wa mawazo, kansa, mguu umevunjika, vyote vinaingia ilimradi dokta athibitishe huwezi kazi na kisiwe kitu walichokitoa kwenye mkataba wako. Na hailipi donge, inalipa kila mwezi kama mshahara, mara nyingi kati ya asilimia 50 na 70 ya kipato chako kabla ya kodi, na ukiwa umelipia mwenyewe hiyo hela haikatwi kodi.

Isije ikaonekana ile ya magonjwa hatari ni utapeli, siyo kabisa. Ilianzishwa na daktari wa moyo wa Afrika Kusini, Marius Barnard, mdogo wake Christiaan Barnard, na wote wawili walikuwemo kwenye ule upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kule Cape Town mwaka 1967. Yeye aliona wagonjwa wake wanapona upasuaji halafu wanafilisika, mtu amebaki hai lakini hana pa kuishi, ndo akashawishi kampuni ya bima ikatoa mkataba wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1983. Kwa mwenye mkopo wa nyumba na watoto, donge linaweza kuokoa nyumba.

Ila lazima usome maana ya kila ugonjwa ndani ya mkataba, siyo jina tu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapoumia. Kansa kwenye mkataba siyo kila kansa. Ile ya hatua za mwanzo ambayo haijapenya, nyingi za ngozi, hazilipwi donge kamili. Kansa ya tezi dume inalipwa kamili ikifikia kiwango fulani cha ukali, kuna alama madaktari wanaita Gleason, na mikataba mingi inataka kuanzia 7. Hili wanaume wetu walisikie vizuri maana hapa Uingereza mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne anakutwa na kansa ya tezi dume maishani mwake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Kiharusi nacho, kile kidogo kinachopita ndani ya siku moja kwa kawaida hakihesabiki, wanataka kilichoacha dalili. Presha na kisukari kama vilivyo, hivi vilivyojaa kwenye familia zetu, havimo kwenye orodha, utalipwa vikishakufikisha kwenye kiharusi au figo kufa mpaka unaishi kwa kusafishwa damu. Na baada ya kugundulika lazima uishi siku kadhaa, nyingi ni 10 au 14, ndo wanalipa, ukifariki kabla hiyo ni kazi ya bima ya maisha.

Basi nikaamua kipato kwanza. Sa kwenye bima ya kipato yenyewe kuna vitu viwili vinabeba uzito wote, vingine ni vya kawaida.

Cha kwanza ni wanavyopima "huwezi kazi". Mkataba mzuri unapima kazi yako mwenyewe, yaani mimi kea nisipoweza kufanya ukea wanalipa, hata kama ningeweza kukaa dirishani kupokea simu. Mikataba mingine inapima kazi yoyote inayofanana na uzoefu wako, na mingine inapima kama unaweza kutembea umbali fulani, kuinama, kushika kalamu, hiyo ikimbie, unaweza ukashindwa kumnyanyua mgonjwa miaka miwili na bado ukafaulu mtihani wa kushika kalamu. Kwa mume wangu ilikuwa kazi kweli kupata kampuni inayompima kwa kazi yake ya udereva, tatu zilitaka kumpa ile ya kuinama na kutembea, tukazikataa.

Cha pili ni muda wa kusubiri kabla hawajaanza kulipa. Unachagua mwenyewe, wiki 4, 8, 13, 26 au 52, na kadiri unavyosubiri zaidi ndivyo makato ya kila mwezi yanavyoshuka. Hapa ndo nesi wa NHS wa miaka mitano anaweza kuchagua wiki 26 au hata 52 akalipa hela kidogo kabisa maana mwajiri anambeba mwaka mzima. Mimi nina SSP na akiba ndogo, nikachagua wiki 8. Mume wangu hana chochote, akachagua 4, na ili isitupasue tukamwekea ile inayolipa kwa miaka miwili tu kwa kila ugonjwa badala ya mpaka kustaafu. Yangu inakwenda mpaka umri wa kustaafu. Tumechagua makato ambayo kampuni haiwezi kuyabadilisha itakavyo na malipo yanayopanda na bei za vitu, basi.

Maswali ya afya yalichukua karibu saa nzima kwenye simu. Wanauliza uzito, sigara, wazazi na ndugu zako waliougua nini kabla ya umri fulani, ulienda kwa GP (daktari wako wa kawaida wa mtaani) kwa sababu gani. Mimi niliwahi kwenda fiziotherapi ya mgongo, nikasema, nikataja na mwaka. Kampuni ya kwanza ikajibu tunakukubali ila mgongo tunautoa. Yule kaka akaniambia tulia, tujaribu kwingine, na kampuni ya pili ikauliza tu mara ya mwisho kuumwa ni lini, nikawaambia imepita zaidi ya miaka miwili sijaumwa wala kunywa dawa, wakanikubali na mgongo ndani. Kampuni mbili, mtu yuleyule, mgongo uleule! Kwa hiyo jibu la kwanza usilichukue kama la mwisho, na pia usijaribu kuficha. Sheria ya mwaka 2012 inasema mteja ajibu kwa uangalifu unaostahili, ukificha makusudi wanafuta mkataba wote na hela ulizokwisha kuwalipa wanaweza kubaki nazo, ukikosea kwa kutokuwa makini wanaweza kukupunguzia malipo. Wakiomba ripoti kwa GP wako una haki ya kuiona kabla haijatumwa, mimi niliomba niione, na nikakuta tarehe moja imeandikwa vibaya ikarekebishwa.

Kwa sisi wenye viza kuna maswali ya ziada. Kampuni nyingine zinataka uwe umekaa nchini muda fulani, nyingine zinataka viza iwe na muda uliobaki, ndo maana kumtumia mshauri anayejua kampuni zote kulinisaidia kuliko kujaza fomu mwenyewe usiku. Na soma kipengele cha nchi. Wengi wetu tukiumwa sana tunawaza kurudi nyumbani tukauguzwe na mama, lakini mikataba mingi inalipa kwa wiki chache tu ukiwa nje ya nchi walizoorodhesha, na Tanzania mara nyingi haimo, afu wanataka uthibitisho wa daktari bingwa wa hapa au wa nchi hizo. Mimi niliuliza hilo kwa barua pepe makusudi ili jibu libaki kwa maandishi.

Jingine kwa wanaofanya saa zinazobadilika badilika, ukikata bima ya kipato cha mwezi uliofanya ovataimu nyingi halafu ukaumwa mwaka umepungukiwa shifti, wataangalia kipato halisi cha miezi ya karibuni na kulipa kwa hicho. Mume wangu alipeleka hesabu zake za kodi, wakachukua faida baada ya mafuta na matengenezo ya gari, siyo jumla ya anachoingiza. Kwa hiyo weka kiwango cha kweli, usilipie hela ambayo hutapewa.

Ukishasaini una siku 30 za kubadili mawazo na kurudishiwa hela yako. Na wakikataa kukulipa baadaye, unalalamika kwao kwanza, wana wiki 8 za kukujibu, usiporidhika unaenda kwa Financial Ombudsman, hulipi hata senti, ila ndani ya miezi sita tangu jibu lao la mwisho.

Yule dada wa Kenya amesharudi kazini, anafanya upande wa ofisi ya kupanga zamu sasa hivi, na ameanza kuongea na kaka wa Mombasa. Kwake mgongo utatolewa nje, ameshaambiwa, ila anasema vingine vyote anavitaka. Sisi ya magonjwa hatari tumeiweka pembeni mpaka tupate mkopo wa nyumba, na hapo tutaanza na ya mume wangu, kwa sababu ya hiyo tezi dume na kwa sababu baba yake alipata kiharusi mapema.